Doyle Alexander kwa John Smoltz: Detroit walikosea wapi hasa?

Agosti 12, 1987, klabu ya besiboli ya Detroit Tigers ilimchukua mrushaji Doyle Alexander kutoka Atlanta Braves. Alikuwa na miaka 36, akikaribia 37. Badala yake Detroit walitoa kinda wa miaka 20 kutoka timu zao za chini, jina lake John Smoltz. Alexander aliwaanzia mechi 11 kabla msimu wa kawaida haujaisha, akashinda 9 bila kupoteza hata moja, na Detroit wakatwaa ubingwa wa kanda yao siku ya mwisho kabisa. Smoltz naye akadumu na Atlanta hadi 2008, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Ukumbi wa Magwiji kule Cooperstown.

Tangu hapo, kila Julai ikifika na klabu fulani inayowania ubingwa ikaanza kufikiria kutoa makinda wake ili ipate mrushaji wa kuimalizia msimu, haikosi mtu wa kusema: kumbukeni Smoltz. Mimi naona kisa hiki kinatajwa vibaya. Dili lenyewe lilikuwa sahihi kwa siku lilipofanywa. Detroit walikosea, tena sana, ila si siku ile.

Kwa asiyeufuata mchezo huu, maelezo mawili matatu. Ligi kuu ya Marekani inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Anayeanza kurusha hawezi kurudi kesho yake, mkono haukubali, kwa hiyo klabu huwa na warushaji wanne au watano wa kupokezana. Kumpata mmoja mzuri ni kubadili sura ya mechi moja katika kila tano. Kipimo chake kikuu ni wastani wa mikimbio (ndizo pointi za besiboli) anayoiruhusu kwa kila vipindi 9: ukiwa chini ya 3 ni hodari, ukipita 5 ni tatizo. Na tofauti na soka, ambako klabu inatoa hela inachukua mchezaji, kule mara nyingi ni mtu kwa mtu. Klabu ambayo msimu umeshaiharibikia inaachia mkongwe, inachukua kijana. Inayoutaka ubingwa leo inafanya kinyume chake.

Sasa tuiangalie Detroit ya mwaka ule. Miaka mitatu nyuma walikuwa mabingwa wa World Series, fainali kuu ya msimu, timu iliyoanza msimu wa 1984 kwa kushinda mechi 35 kati ya 40 za mwanzo. Wengi wa watu wale walikuwa bado wapo, ila umri ulikuwa unasogea. Jack Morris, mrushaji wao nambari moja, alikuwa na miaka 32. Frank Tanana 34. Darrell Evans alikuwa na miaka 40, na mwaka huo huo akapiga homurani 34, yaani mara 34 aliutoa mpira nje ya uwanja. Alan Trammell alikuwa kwenye msimu bora wa maisha yake. Mdakaji wao mkubwa, Lance Parrish, alikuwa ameshaondoka kwenda Philadelphia akiwa mchezaji huru. Kwa kifupi, ni kikosi kilichobakiwa na mwaka mmoja, miwili kwa kubahatisha.

Na kilianza vibaya. Mechi 30 za mwanzo walishinda 11 tu. Wakaamka, wakapanda, na ilipofika Agosti walikuwa wanakabana koo na Toronto Blue Jays. Morris alikuwepo, Walt Terrell alikuwepo, Tanana alikuwepo. Baada ya hao kulikuwa na shimo. Dan Petry, aliyeshinda mechi 18 mwaka ule wa ubingwa, hakuwa tena yule baada ya matatizo ya kiwiko, na msimu huo wastani wake ulikuwa 5.61. Kila zamu ya shimo ilipofika, kocha Sparky Anderson alikuwa anapeleka mtu uwanjani huku amefunga macho.

Hapa pana jambo moja ambalo wanaolikosoa dili hili kwa macho ya leo hulisahau, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1987 hakukuwa na nafasi ya kupenya kwa waliomaliza wa pili. American League, nusu ya ligi kuu wanamocheza Detroit na Toronto, ilikuwa na kanda mbili za timu saba saba. Bingwa wa kila kanda anasonga mbele, wengine wote wanakwenda nyumbani. Siku hizi kila ligi inapeleka timu sita kwenye mtoano, na anayekosa kuongoza kanda bado ana mlango wa pembeni. Wakati ule kushinda mechi 96 ukawa wa pili kulikuwa sawa na kushinda 60. Sifanyi chumvi: Toronto walishinda 96 wakaenda nyumbani, huku Minnesota Twins, walioshinda 85 tu lakini wakaongoza kanda ya Magharibi, wakatwaa World Series. Kwa utaratibu wa namna hiyo, ushindi wa ziada mmoja au miwili kwa timu inayogombea kileleni una bei ya ajabu, na anayeuuza ana haki ya kuomba kitu kizuri.

Je, Detroit walitoa kitu kizuri? Siku ile, ukiangalia karatasi, hapana. Smoltz alichaguliwa raundi ya 22 mwaka 1985, klabu zilipokuwa zinagawana vijana wapya kwa zamu, na katika timu ya daraja la AA iliyokuwa Glens Falls, New York, ngazi mbili chini ya ligi kuu, alikuwa ameshinda 4 na kupoteza 10, wastani 5.68. Mkono ulikuwa na nguvu, hilo kila mtu aliliona. Udhibiti ndio ulikuwa haupo. Alikuwa pia kijana wa nyumbani, amekulia Lansing, Michigan, akiishabikia Tigers tangu utoto, na hilo limeufanya uchungu wa mashabiki udumu mpaka leo. Lakini uenyeji haumtoi mpigaji.

Upande wa pili, Alexander hakuwa mrushaji wa kutisha kwa kasi. Alikuwa mjanja: mpira unatoka mkononi kwa pembe hii, unaofuata kwa pembe nyingine, kasi inapanda na kushuka, mpigaji anabaki anajiuliza. Atlanta mwaka huo alikuwa ameshinda 5 na kupoteza 10 katika timu mbovu. Ila miaka miwili nyuma alikuwa Toronto, hao hao Toronto, ambako alishinda mechi 17 mwaka 1984 na 17 tena mwaka 1985, na ndiye aliyerusha mechi iliyowapa ubingwa wao wa kwanza wa kanda. Meneja mkuu wa Detroit, Bill Lajoie, hakuwa ananunua bahati nasibu. Alinunua mtu anayemjua mpinzani kwa ndani.

Na kuna kichekesho kidogo. Toronto walikuwa wamemtoa Alexander kwenda Atlanta Julai 1986, nao wakapewa kinda aitwaye Duane Ward. Ward akaja kuwa mfungaji wa mechi wa Toronto, yaani mrushaji anayeletwa mwishoni kulinda uongozi, akazifunga mechi 45 msimu wa 1993, na akachukua World Series mbili mfululizo. Yaani Atlanta, wanaosifiwa kwa akili nyingi kwenye dili la Smoltz, mwaka mmoja tu kabla walikuwa wamempoteza kijana kwa ajili ya mzee yule yule. Hakuna anayewacheka, kwa sababu hakuna anayekumbuka.

Septemba ndiyo iliyolipa. Wikiendi ya kwanza kati ya mbili za mwisho, Detroit walikwenda Toronto kucheza mechi nne, wakapoteza tatu za mwanzo, kila moja kwa mkimbio mmoja. Pengo likawa mechi tatu na nusu, na mechi zenyewe zilizobaki zilikuwa za kuhesabu kwa vidole vya mikono miwili. Jumapili, Septemba 27, ilikuwa zamu ya Alexander. Wakipoteza ile, hesabu imefungwa.

Alirusha vipindi 10 na ushee. Yasome tena hayo: mchezo una vipindi 9, na mtu wa miaka 37 alikuwa bado yuko kilimani, pale anaposimama mrushaji, kipindi cha 11. Toronto waliongoza 1-0 karibu mechi nzima, na kipindi cha 9 wakamleta Tom Henke, mfungaji wao, aje azime taa. Kirk Gibson akampiga homurani. 1-1. Kipindi cha 11 Evans, yule mzee wa miaka 40, akapiga nyingine, Toronto wakasawazisha tena, na kipindi cha 13 Gibson akamaliza kazi, 3-2. Alexander hakuandikiwa ushindi siku hiyo. Kanuni za takwimu hazikumpa. Lakini mtu akiniuliza ni mechi gani iliyolipia gharama ya Smoltz, namtajia hii, ingawa haimo katika zile 9 alizoshinda.

Toronto wakarudi kucheza na Milwaukee, wakapoteza zote tatu. Wikiendi ya mwisho wakaja Detroit wakiwa mbele kwa mechi moja. Ijumaa, Oktoba 2, akasimama tena Alexander. Manny Lee wa Toronto akampiga homurani ya mikimbio mitatu mapema, na uwanja ukapoa. Baada ya hapo hawakupata kitu tena. Detroit 4, Toronto 3. Jumamosi 3-2, vipindi 12. Jumapili Tanana akawanyima kabisa, 1-0, kwa homurani ya Larry Herndon. Mechi saba katika wikiendi mbili, zote saba kwa tofauti ya mkimbio mmoja. Msimamo wa mwisho: Detroit ushindi 98, Toronto 96.

Tupige hesabu kidogo. Msimu mzima Detroit walishinda mechi sita katika kila kumi. Katika mechi 11 za kawaida ungewategemea washinde kama 6 au 7. Zile 11 za Alexander walishinda angalau 10, maana kwenye 9 zake unaongeza ile ya Toronto. Ziada ni mechi 3 au zaidi, na ubingwa uliamuliwa kwa mechi 2. Tena mbili kati ya hizo zilikuwa dhidi ya mpinzani mwenyewe, ambako ukishinda unapanda na yeye anashuka kwa pigo hilo hilo. Wastani wake Detroit ulikuwa 1.53. Bila Alexander, ni Toronto waliokuwa wanakwenda kucheza na Minnesota. Katika usajili wa mchezo wowote ni nadra kuweza kusema hivyo kwa uhakika kiasi hiki.

Oktoba ilikuwa habari nyingine. Minnesota waliwatoa Detroit mechi 4 kwa 1, na Alexander akapoteza zote mbili alizoanza. Ya kwanza Minnesota 8-5. Ya mwisho, nyumbani kwao Detroit, hakumaliza hata kipindi cha pili. Wastani wake katika mfululizo ule ulikuwa 10.00. Kwa hiyo mkosoaji anasema: mmeona? Mmemtoa gwiji kwa kupigwa na timu iliyoshinda mechi 85.

Hoja hiyo inavutia lakini haisimami. Mtoano wa besiboli ni mfupi na una kiburi chake. Atlanta wenyewe wanatosha kuwa ushahidi. Kuanzia 1991 hadi 2005 waliongoza kanda yao kila msimu uliokamilika, wakiwa na Smoltz, Tom Glavine na baadaye Greg Maddux katika zamu moja, na wote watatu leo ni magwiji wa Cooperstown. Walitwaa World Series mara ngapi? Mara moja, 1995. Kama warushaji watatu wa kiwango kile hawakuweza kununua zaidi ya hiyo, hakuna anayeweza kumdai Alexander aliyekuja Agosti. Mrushaji wa kuazima anakununulia tiketi ya kuingia. Ya ndani hayadhamini mtu.

Halafu lipo suala la kumbukumbu, ambalo hupotosha mjadala huu kila mwaka. Smoltz anakumbukwa kwa sababu alikuwa Smoltz: ushindi 213, mechi 154 alizozifunga alipohamishiwa kazi hiyo, straiki za kuwatoa wapigaji 3,084, tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, ya 1996. Wale makinda wengine waliotolewa kwa namna hiyo na wasifike popote hawana wa kuwataja. Detroit hao hao wamekalia kiti cha pili pia. Agosti 31, 2017, muda ukiwa unakaribia kwisha, walimpeleka Justin Verlander Houston Astros, wakachukua makinda watatu: Franklin Perez, Daz Cameron na Jake Rogers. Verlander akashinda mechi zote 5 alizoanza mwezi ule, wastani 1.06, akawa mchezaji bora wa fainali ya American League, na Houston wakatwaa World Series (ubingwa ambao baadaye uliingia doa la kuiba ishara za siri za wapinzani, lakini hilo ni la wengine). Perez ndiye aliyetazamiwa zaidi kati ya wale watatu, na majeraha yakamwandama. Rogers akawa mdakaji wa ligi kuu, si haba. Smoltz hakuwemo. Wangapi wanasema kumbukeni Perez?

Ukitaka dili baya la aina hii, angalia Boston Red Sox mwishoni mwa Agosti 1990. Walimchukua Larry Andersen, mrushaji wa akiba wa miaka 37, wakawapa Houston Jeff Bagwell. Andersen akarusha vipindi 22, vizuri sana, kisha msimu ulipokwisha akaondoka. Boston nao waliiacha Toronto kwa mechi 2 (maskini Toronto), wakafagiliwa na Oakland mechi 4 kwa 0. Inafanana na Detroit mpaka utakapouliza walichokuwa wanakijua. Andersen hakuwa wa kuanza mechi, alikuwa wa kipindi kimoja kimoja, kwa hiyo ushindi anaouongeza ni mdogo. Na Bagwell hakuwa amejificha: msimu ule ule alikuwa anapiga .333, yaani anafanikiwa mara moja katika kila tatu, katika daraja la AA. Mwaka uliofuata tu akawa kinda bora wa National League, ile nusu nyingine ya ligi kuu. Bei ilikuwa kubwa, bidhaa ndogo, na vyote viwili vilionekana siku hiyo hiyo bila kusubiri miaka 20. Smoltz wa 4-10 hakuonekana hivyo.

Na hata Smoltz mwenyewe hakuwa tayari. Msimu wake wa kwanza ligi kuu, 1988, alishinda 2 akapoteza 7. Nusu ya kwanza ya 1991 alikuwa 2-11, na Atlanta wakavumilia, wakamtafutia mwanasaikolojia wa michezo, akamaliza nusu ya pili 12-2. Je, Detroit wa wakati ule, wenye haraka na wazee, wangevumilia 2-11? Nina shaka. Anayemhesabia Detroit zile 213 zote anachukulia kwamba mche ungezaa matunda yale yale katika udongo wowote.

Nilisema walikosea. Mwaka 1988 walimaliza mechi moja nyuma ya Boston, Alexander akiwa ameshinda 14 na kupoteza 11. Hapo ndipo kikosi kilipokuwa kimeishiwa, na hapo ndipo ilipokuwa zamu yao kukaa upande wa Atlanta: kuita klabu zenye njaa, kuachia wakongwe, kudai makinda. Hawakufanya hivyo. Mwaka 1989 walipoteza mechi 103, Alexander mwenyewe akapoteza 18 na kustaafu. Mtoano hawakuuona tena hadi 2006. Parrish alikuwa ameondoka akiwa mchezaji huru kabla ya msimu wa 1987, na Gibson akaondoka hivyo hivyo kwenda Los Angeles kabla ya ule wa 1988, akawa mchezaji bora wa National League mwaka huo huo. Baada ya msimu wa 1990 Morris naye akaenda zake Minnesota, njia ile ile.

Oktoba 27, 1991, mechi ya saba ya World Series, Atlanta walimwanzisha Smoltz na Minnesota wakamwanzisha Morris. Smoltz alirusha vipindi 7 na ushee bila kuruhusu mkimbio. Morris akarusha vipindi 10 vyote, Minnesota wakashinda 1-0. Warushaji wote wawili wametoka Detroit. Mmoja alibadilishwa na ubingwa wa kanda, na ndiye wanayemlilia. Mwingine alitoka mlangoni mwenyewe, na Detroit hawakupata hata mechi moja ya ushindi badala yake.